Chatu wa Nchi Isiyo na Kisima

Newala mvua hunyesha. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mgeni anayesikia jinsi kinamama wa huko walivyokuwa wakishuka genge alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji hudhani anasimuliwa habari za jangwa. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, uwanda wa juu wa Makonde hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekipokea kwa vigelegele. Ila uwanda huo, uliokaa kati ya mto Ruvuma upande wa kusini na Lukuledi upande wa kaskazini, ni lundo la mchanga lenye kina kirefu. Maji yakigusa ardhi hunywewa papo hapo, yakaja kuonekana tena chini kabisa, mabondeni na kwenye miguu ya genge. Ukame wa Umakonde basi haushuki kutoka mbinguni, umo ardhini, na kwa kiumbe kinachotegemea kijito au kidimbwi, juu kule ni jangwa lenye majani mabichi. Katika nchi ya namna hiyo anaishi chatu, nyoka mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki, ambaye watu wengi humhesabu kuwa nyoka wa maji. Hoja yangu ni kwamba chatu wa uwandani hakufuata maji, wala si mabaki ya msitu wa kale uliowahi kuwepo. Amekaa pale kwa sababu ya kichaka, na kichaka hicho kwa sehemu kubwa ni kazi ya jembe, panga na moto wa Wamakonde wenyewe. Anayetaka kujua historia ya chatu wa Newala hana budi kusoma historia ya mashamba yaliyolimwa, yakachoka, yakaachwa.

Tuanze na jina. Neno chatu si la pwani peke yake, wala halikuletwa na jahazi. Wachewa wa Malawi na Zambia husema nsato, Wabemba husema lusato, Washona wa Zimbabwe husema shato. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihesabu kuwa neno la kale, lililokuwepo kabla lugha hizo hazijaachana. Maana yake ni kwamba wakulima waliosambaa kusini na mashariki mwa bara hili walimjua nyoka huyu kila walipofika, kwenye mto na kwenye nchi kavu, wala hawakuhitaji kumtungia jina jipya. Wanasayansi wa Ulaya walichelewa. Andrew Smith alimwandika chatu wa kusini mwaka 1840 kwa jina la Python natalensis, baadaye akachanganywa na chatu wa Afrika ya kati na magharibi kana kwamba ni mmoja, hadi Donald Broadley wa Zimbabwe alipotetea mwaka 1999 kuwa hawa ni viumbe wawili mbalimbali. Huyu wa kusini ndiye aliyeenea sehemu kubwa ya Tanzania, kuanzia kusini mwa Kenya hadi Afrika Kusini. Hana sumu. Ana meno yaliyopinda kwenda nyuma ya kushikia, na misuli ya kubana mpaka damu ya windo isitembee. Wala jamii yake si ngeni kwa ukavu. Namibia na kusini mwa Angola yuko ndugu yake mdogo, Python anchietae, aliyeandikwa na Bocage mwaka 1887, anayeishi kwenye miamba ya nusu jangwa; na katikati ya Australia yuko chatu wa mchanga ambaye wenyeji humwita woma. Chatu anayeishi mbali na mto, kwa hiyo, si kioja.

Pingamizi la kwanza ni zito, kwa sababu linatoka kwenye imani za watu wa kusini wenyewe. Karibu kila upande unaouzunguka uwanda huu, joka kubwa na maji ni mambo yanayokwenda pamoja. Magharibi, kwa Wachewa, chatu aitwaye Thunga alihusishwa na vidimbwi vitakatifu na maombi ya mvua. Kaskazini, Uluguru, yuko Kolelo, ambaye baadhi ya masimulizi humweleza kama nyoka mkubwa. Na Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale alipandwa na mzimu wa Hongo mwaka 1904. Masimulizi yaliyokusanywa baadaye na wanahistoria wa Dar es Salaam yanaeleza kwamba alizama kwenye bwawa la mto, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, na kutoka hapo ikazaliwa dawa ya maji iliyowasha vita vya 1905. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kusini nzima imemweka joka kwenye maji, je, si dalili kwamba watu waliomwona kwa karne nyingi walijua makao yake? Sikatai kwamba chatu hupenda maji anapoyapata. Ni mwogeleaji hodari, na mtoni huvizia wanyama wanaokuja kunywa. Lakini imani hizo zote zilikua kwenye nchi zenye vidimbwi, maporomoko na mito isiyokauka. Zinatueleza chatu anaonekana wapi pale ambapo watu na wanyama wote hukutana kwenye maji. Hazituelezi anaishije mahali ambapo hakuna pa kukutana. Uwandani hapakuwa na kidimbwi cha kumweka mzimu wa aina hiyo, na simulizi kuu ya asili ya Wamakonde inaelekea upande mwingine kabisa.

Simulizi hiyo ilirekodiwa na Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Hakukusudia kuja huku. Alitaka kwenda Irangi, lakini machafuko ya wakati huo yakamgeuzia safari kusini. Kwa mujibu wa simulizi aliyoiandika kwenye kitabu chake cha 1908, zamani Mahuta, huko juu uwandani, palikuwa kichaka kitupu. Akatoka humo kichakani mtu asiyeoga wala kunyoa, anayekula na kunywa kidogo. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha kwake, na usiku ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakashuka pamoja kwenda Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu kichakani Mahuta, wa tatu akazaliwa mzima, akakua. Ndipo babu huyo akawausia watoto wake wakae mbali na mabonde ya maji, kwa maana huko kuna maradhi na kifo. Tuitazame simulizi hii kwa jicho la historia. Haikumtoa mtu wa kwanza majini wala mbinguni, imemtoa kichakani. Maji ndani yake ni mahali pa kushukia, pa kupoteza watoto, kisha pa kupanda kutoka. Anayeisikia Newala leo hahitaji kufafanuliwa sababu. Mabonde yana mbu, na katika karne ya 19 yalikuwa pia njia za misafara ya watumwa na za wavamizi.

Hofu ya njia za bondeni haikuwa ya kubuni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu aliwaweka Masasi watu waliokombolewa utumwani, chini ya milima ya mawe. Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huku Wagwangwara, wakaivamia Masasi, wakachoma na kuteka watu. Baada ya hapo padri Chauncy Maples akaanzisha kituo Newala, ukingoni mwa uwanda, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Hata wamisionari basi, wenye mahitaji makubwa ya maji kuliko wenyeji, walipoona damu walitazama juu. Wamakonde walikuwa wametangulia zamani. Waliishi vikundi vidogo chini ya wakulungwa wao, nyumba chache katikati ya vichaka vizito, njia zikiwa nyembamba kiasi cha kupita mtu mmoja mmoja, na kila njia ikipinda ili mgeni asione mbele. Kichaka kilikuwa boma lisilojengwa. Gharama yake ilikuwa maji: mwanamke aliyekaa katikati ya uwanda aliweza kutumia sehemu kubwa ya siku kwenda na kurudi na mtungi mmoja. Watu hawalipi gharama ya namna hiyo miaka nenda rudi bila sababu nzito. Walinunua usalama, na bei yake ikalipwa kwa vichwa vya wanawake.

Sasa kichaka chenyewe kilitoka wapi? Hapa ndipo kiini cha hoja. Simulizi ya Mahuta inasema kichaka kilikuwepo kwanza, binadamu akaja baadaye. Clement Gillman, mhandisi na mwanajiografia aliyeifahamu Tanganyika kwa miguu, alichapisha mwaka 1945 utafiti juu ya mashamba ya kupumzishwa kwenye uwanda wa Makonde, na kwake kichaka hicho hakitenganiki na kilimo. Mkulima hufyeka kipande, huacha matawi yakauke, huyachoma kabla ya mvua, halafu hupanda mtama, mahindi, kunde, mihogo na karanga. Baada ya misimu michache mchanga huchoka. Familia huhamia kipande kingine, na kile cha kwanza huachwa. Visiki ambavyo havikung'olewa huchipua matawi mengi kwa pamoja, mitambaazi huyafunga, na baada ya miaka kadhaa panakuwa na ukuta wa kijani ambao mtu mzima hapenyi bila panga. Siku moja mwenyewe au mtoto wa dada yake hurudi kufyeka tena, kwa kuwa Wamakonde hufuata ukoo wa mama. Msitu wa kale, ukiachiwa, huwa na miti mirefu yenye kivuli na sakafu iliyo wazi. Shamba lililoachwa haliwi hivyo, huwa kichaka. Kwa hiyo, kile ambacho mgeni huona kuwa pori lisiloguswa ni shamba linalosubiri zamu yake.

Mtu akiingia kwenye kichaka hicho kwa kuinama ataelewa kwa nini chatu amekipenda. Mihogo iliyosahaulika bado inaota chini, na ndezi wanaitafuna. Panya wanatoka kwenye shamba jipya la jirani wakati wa mavuno na kukimbilia humu. Sungura, paa wadogo, kanga, kwale na ngedere wote wana sababu ya kukaa mpakani, mguu mmoja kwenye chakula cha binadamu na mguu mwingine kwenye maficho. Chatu ni mwindaji wa kuvizia, hakimbizi windo. Anahitaji vitu viwili: njia ndogo ambayo mnyama hupita kila siku, na majani ya kumficha kando ya njia hiyo. Uwanda uliojaa mashamba mapya yaliyopakana na mashamba ya zamani una mipaka ya namna hiyo isiyohesabika. Msitu mnene usio na mkulima ungempa maficho bila chakula kingi. Shamba tupu lingempa chakula bila maficho. Mzunguko wa kulima na kuacha ndio uliompa vyote viwili, na ukaendelea kumpa kizazi baada ya kizazi kwa kuhama hatua chache kila mara.

Vipi kuhusu kiu? Mwili wa chatu unajibu. Damu yake haijichemshi yenyewe kama yetu, kwa hiyo hatumii chakula kupasha mwili moto, na akishameza mnyama mmoja mkubwa anaweza kukaa wiki au miezi bila kula. Sehemu ya maji anayoyahitaji hutoka kwenye mwili wa windo lenyewe. Mwenye mahitaji madogo kiasi hicho hashindwi na nchi ambayo mvua hukoma Mei na kurudi Novemba. Mwenendo wa uzazi unaonyesha zaidi. Utafiti wa Graham Alexander uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia chatu jike wa aina hii hii huko Afrika Kusini, wakitagia ndani ya mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Mama hujiviringisha juu ya mayai shimoni, hutoka kuota jua mlangoni huku rangi yake ikigeuka nyeusi ili anyonye joto, halafu hurudi kuyapasha mayai kwa mwili wake. Muda wote huo wa uzazi, kama miezi sita, hali, na hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Mayai yakianguliwa, watoto hubaki naye kama wiki mbili, usiku wakilala ndani ya mikunjo yake. Tukumbuke anachohitaji mama huyu: shimo, jua, na utulivu wa miezi kadhaa. Kijito hakimo kwenye orodha. Mchanga laini wa uwandani, unaochimbika kwa urahisi na usiotuamisha maji, ni mahali pazuri pa shimo la namna hiyo.

Masasi inaleta pingamizi la pili, nalo ni la haki. Masasi haipo juu ya uwanda. Iko kwenye tambarare iliyo magharibi yake, na fahari yake ni milima ya mawe iliyosimama peke yake kama visiwa baharini, mfano Mtandi na Mkomaindo. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyepita nchi hizi miaka ya 1890, ndiye aliyeipa milima ya aina hiyo jina la kitaalamu ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo, maana yake mlima-kisiwa. Mawe hayo hayakutengenezwa na jembe la mtu. Yana nyufa za kujificha, yana joto la jua linalobaki hadi usiku, na yana pimbi, ambao ni windo zuri la chatu. Je, chatu wa Masasi hawezi kuishi bila mkulima? Anaweza, na hapa sharti niipunguze hoja yangu. Makao ya mawe hayategemei historia ya watu. Ila hata huko, mawe ni nyumba tu. Milima hiyo ni michache na kati yake ni maili za mashamba, na kwa karne nzima sasa mashamba hayo ndiyo yanayolisha panya, ndezi na kuku wanaomtoa chatu mlimani. Tofauti ya miji hii miwili basi inaisaidia hoja kuliko kuibomoa: Masasi nyumba ya chatu ni ya mawe, na haihami, Newala nyumba yake ni ya majani, na huhama pamoja na mkulima.

Pingamizi la tatu ni la mkulima mwenyewe. Unamweleza mtu kwamba shamba lake limemlea chatu, naye anakujibu kwamba chatu amemlia mbuzi. Hasara hiyo ni ya kweli, na kichaka kina hatari zake. Lakini hatari hizo lazima zigawanywe kwa haki. Shahidi mzuri ni C. J. P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kiyunani aliyeingia Tanganyika kama askari miaka ya 1920, akawa mhifadhi wa wanyamapori kuanzia 1933, na baada ya kustaafu akaishi miaka kadhaa Newala. Watu walimwita Bwana Nyoka. Wanakijiji walimletea habari ya mahali nyoka alipoonekana, akawalipa, naye akaenda na fimbo zake ndefu za kubania kumtoa juu ya mwembe au ndani ya mkorosho. Umaarufu wa Newala uliotapakaa kwa sababu yake ulihusu nyoka wawili: koboko wa kijani wa juu ya miti, na moma mkubwa wa Gaboon, ambaye rangi zake hufanana na majani makavu hata mtu akamkanyaga bila kumwona. Wote wawili wana sumu ya kuua. Bwana Nyoka huyo alifariki mwaka 1968, na ushahidi aliouacha ni kwamba hofu ya Mmakonde kwa kichaka haikuwa ushirikina. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chatu, ambaye hana sumu, amebeba kwa miaka mingi deni la moma na koboko.

Na wapo wauaji wengine. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563, wengi wao katika ukanda wa kusini mashariki. Chanzo kikubwa walichokitaja ni nguruwe pori. Nguruwe huja kula mazao, mkulima hulala shambani kwenye dungu kuwafukuza, simba hufuata nguruwe na kumkuta mtu. Angalia jinsi mlolongo huo unavyofanana na ule wa chatu: mazao huvuta mla mazao, naye humvuta mlaji nyama. Tofauti ni mwisho wake. Simba huishia kwa mtu, chatu huishia kwa ndezi, panya, mara nyingine mtoto wa nguruwe au ngedere, yaani wale wale wanaomlaza mkulima nje. Mbuzi anayeliwa huonekana na kuliliwa. Ndezi wanaoliwa hawaonekani, na mihogo iliyosalimika haipigi kelele. Hesabu ya namna hiyo lazima ielemee upande mmoja, maana hasara ina mashahidi na faida haina. Ndiyo sababu sikubali kwamba malalamiko ya wafugaji, ingawa ni ya kweli, yatoshe kuwa historia nzima ya kiumbe huyu.

Mzunguko uliomlea chatu ulivunjwa katika karne ya 20 kwa vitu viwili, bomba na mkorosho. Katika miaka ya 1950 shirika la maji la Makonde lilianza kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu na kuyauza kwenye vituo. Baada ya uhuru, na hasa kuanzia miaka ya 1970, msaada wa Finland uliongeza visima na mabomba Mtwara na Lindi. Mashine ziliharibika mara kwa mara, na nyumba nyingi bado hutegemea matangi ya saruji ya kukinga mvua ya mabati, lakini wosia wa babu wa Mahuta ulikuwa umelegea: sasa palikuwa na faida ya kukaa karibu na kituo. Mkorosho ukafanya kazi kubwa zaidi. Mtama hulimwa ukaachwa. Mkorosho hukaa miongo mingi, na ardhi iliyoota mkorosho hairudi kuwa kichaka. Tena korosho haichumwi mtini. Huachwa idondoke na bibo lake, kisha huokotwa chini moja moja. Mwokotaji lazima aone ardhi, kwa hiyo kabla ya msimu shamba hufyekwa na kufagiliwa mpaka chini ya mti pawe kama uwanja wa nyumba. Hakuna mazingira yanayomnyima chatu maficho kuliko hayo. Mkulima wa mtama alimpa nyumba kila alipohama. Mkulima wa korosho hahami.

Kisha mambo yakageuka tena. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka mikoa hii ya kusini. Katika miaka hiyo hiyo watu wakahamishiwa vijijini, na wengi wakajikuta mbali na mikorosho yao. Bei ikashuka, ugonjwa wa ubwiri unga ukakausha maua, na kufikia 1986/87 mavuno ya nchi yalikuwa yamebaki kama tani 16,500. Wachumi huitaja miaka hiyo kama kuporomoka kwa zao. Kwa macho ya kichaka ilikuwa mapumziko makubwa kuliko yote: mikorosho isiyofyekewa ilizungukwa na machipukizi na mitambaazi, panya na ndezi wakarudi, na mahame yakawa na wakazi wengine. Salfa ya kuzuia ubwiri unga, iliyofanyiwa utafiti kwenye kituo cha Naliendele, na bei nzuri za baadaye ziliwarudisha wakulima na mapanga yao kusafisha. Kila mara mashamba yalipofunguliwa au kufungwa, chatu alipoteza au alipata nchi, bila sheria yoyote kutungwa kwa ajili yake.

Mwanahistoria mkali atasema kwamba hii ni historia ya mimea na bei, kwamba chatu mwenyewe hakuacha hati. Ni kweli hakuacha hati. Hata Mmakonde wa mwaka 1850 hakuacha, na bado tunamsoma kupitia simulizi ya Mahuta, kupitia njia zilizopinda na kupitia visiki vilivyochipua. Kiumbe anayeishi kwa kujificha husomwa kwenye maficho yake. Maficho ya uwandani yana tarehe: yalipanuka watu walipokimbia misafara ya watumwa na Wagwangwara, yakapungua korosho ilipotawala, yakapanuka tena vijiji vilipowatenga watu na mashamba yao, yakapungua tena bei ilipopanda. Anayetaka kumhifadhi chatu kwa kumtafutia msitu usioguswa atatafuta sana Newala, maana nyumba ya chatu huko haikuwahi kuwa msitu usioguswa. Anayetaka kumwondoa hana haja ya rungu. Mkulima wa Tandahimba, papo hapo uwandani, akikuta gamba la chatu lililovuliwa chini ya mkorosho, jambo la kwanza analosema ni kwamba mwenye shamba hili hajafyeka mwaka wa pili sasa. Hilo gamba ameshalisoma vizuri.